Mlinzi wa Meza

Mwinjilisti wetu hakuwahi kuiba, hakuwahi kulewa, hakuwahi kumtazama mke wa mtu mara mbili, na katika maisha yangu sijaona binadamu aliyewachosha wenzake kiasi kile kwa sababu ya mambo ambayo hakuwahi kuyafanya. Ukikutana naye njiani asubuhi, kabla hujamaliza shikamoo yako alikuwa ameshakukagua kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka vidole vya miguu, akitafuta amri uliyoivunja. Akiikosa, alikunja uso. Nadhani ilimsikitisha.

Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini hakuna aliyelitumia. Sisi watoto tulimwita Mwinjilisti, wazazi wetu walimwita Mwinjilisti, na mkewe mwenyewe alimwita Mwinjilisti hata alipomwambia chakula kimeiva. Kwa asiyejua mambo ya kanisa letu nieleze kidogo. Mchungaji anakaa mbali, kwenye makao ya usharika, na ana mitaa mingi ya kuzungukia. Jumapili za kawaida mtaa unaongozwa na mwinjilisti. Yeye ndiye anayehubiri, ndiye anayefundisha watoto wa kipaimara, ndiye anayezika. Mchungaji akija na meza ya Bwana, yaani ule mkate na divai, humuuliza mwinjilisti nani yuko tayari na nani hayuko. Kwa hiyo mtu wa kuogopwa hakuwa mchungaji. Mchungaji alikuja na pikipiki yake, akagawa, akanywa chai, akaondoka. Wa kuogopwa alikuwa huyu wetu wa upande huu wa Ihembe, mwenye koti la kaki na baiskeli isiyo na breki, aliyesimama miaka yote kati ya watu na ile meza kama vile divai ilitoka kibanjani kwake, kwenye shamba lake la migomba.

Sina sababu ya kumsema kwa upole, na nitaeleza mapema kwa nini, ili nisimzungushe mtu. Mama yangu alihitaji kitu kimoja tu kutoka kwake. Alitaka kurudi mezani kabla hajafa. Hilo tu, hakuomba zaidi.

Mafundisho yake yalikuwa mepesi kueleweka. Mungu ametoa sheria. Ukizitii unaingia, usipozitii unabaki nje. Kwa kuwa sheria ni nyingi na binadamu ni mjanja, lazima awepo mtu wa kuangalia, na mtu huyo, kwa bahati nzuri, alikuwa yeye. Mahubiri yake yalianza na Musa, yakaendelea na Musa, yakapanda mlimani na kushuka na Musa, halafu watoto wakishaanza kusinzia na wamama kuwaza vyungu vyao, Yesu alitokea mwishoni kama mgeni aliyechelewa, akasalimia, akakaa. Amina. Tukaimba, tukaenda nyumbani.

Alikuwa na msemo wake mmoja, na wote tuliujua. Kila alipomwadhibu mtu, alinyanyua mikono yote miwili hadi usawa wa kifua, viganja nje, akasema, "Si mimi. Ni sheria." Alisema hivyo kwa wasichana waliopata mimba. Alisema hivyo kwa mzee mmoja aliyekwenda kwa mganga kutafuta ng'ombe wake aliyepotea. Jamani, yule mzee alikuwa analia! Si mimi, ni sheria. Nilipokuwa mdogo nilidhani sheria ni mtu mwingine, mkali zaidi, anayekaa ndani kwake chumba cha nyuma.

Na adhabu ilikuwa benchi la nyuma. Waliotengwa walikaa hapo, karibu na mlango, na wengine walipokwenda mbele kupokea, wao walibaki wamekaa wakitazama viatu vyao. Siku ya kurudi kundini uliitwa mbele, ukapiga magoti, dhambi yako ikatajwa kwa sauti hata bibi asiyesikia vizuri akasikia, ndipo ukaombewa na kupewa mkono. Mwinjilisti ndiye aliyetaja. Na mtu huyu ambaye kwenye mahubiri alikuwa akikohoa na kupoteza ukurasa, siku za kutaja dhambi za watu alikuwa na sauti safi kabisa, wala hakuhitaji miwani.

Jumapili moja ya msimu wa kahawa, mvua ilikuja katikati ya mahubiri. Mtu ambaye hajalima kahawa hawezi kujua. Kahawa iliyokaribia kukauka ikilowa inashika ukungu, na ikishika ukungu mwaka wako umekwenda. Mjane mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliliona wingu, akasimama, akatoka mbio kwenda kukunja turubai lake. Mwinjilisti alinyamaza, akamsindikiza kwa macho hadi mlangoni. Jumapili iliyofuata yule mama alikuwa benchi la nyuma, kwa kosa la kufanya kazi siku ya Bwana.

Sasa sikia. Msimu huohuo, Jumapili alasiri, nilitumwa kwake kurudisha ungo. Matone yakaanza kudondoka. Kahawa yake ilikuwa imetandazwa uwanja mzima, nyekundu na nyeusi. Mwinjilisti alikuwa barazani na Biblia mapajani, na hakuinuka. Alimtazama mkewe, halafu akanyanyua kidevu kuelekea kwenye kahawa. Mama wa watu akakimbia. Alipomaliza upande huu, kidevu kikaonyesha upande ule. Nikashindwa kujizuia.

"Mwinjilisti, leo si Jumapili?"

"Ndiyo maana nimekaa," akanijibu.

Wala hakutania. Huyu mtu hakujua kutania. Alikuwa ameitazama amri, ameipima, ameona inamhusu anayeinama na si anayenyanyua kidevu, na moyo wake ukatulia kabisa.

Rubisi, pombe yetu ya ndizi, aliichukia kuliko shetani mwenyewe. Kwetu huwezi kupeleka posa bila rubisi, wala kupatanisha ndugu, wala kuwaaga waliokuja kuzika. Yeye alimtenga aliyepika, akamtenga aliyebeba kibuyu, na bwana mmoja maskini akatengwa kwa kuazima watu mtumbwi wake, ule mtumbwi wa mti wa kukanyagia ndizi, ingawa siku yenyewe alikuwa amelazwa hospitali. Lakini ukishuka bondeni kwa Mwinjilisti, nyuma ya migomba ya chakula, ulikuta ndizi kali zimesimama mashina kwa mashina, zile chungu za pombe ambazo hata mbuzi hazitaki. Wapikaji kutoka Kituntu walikuja na baiskeli kuzibeba, na walimsalimia kwa heshima sana.

Nilikuwa darasa la kipaimara, umri ambao mdomo unamtangulia mtu. Nikanyoosha mkono. "Mwinjilisti, zile ndizi za bondeni kwako ni za kupika na maharage?"

 Mwinjilisti alinitazama bila hasira, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo na jibu lake amelipiga pasi.

"Amri inakataza ulevi," akasema. "Mgomba haulewi."

Nikasimamishwa kona mpaka kipindi kikaisha.

Habari za senene, wale panzi wa kuliwa, nitazisema kwa ufupi tu maana zinanichekesha hadi leo. Walianguka alfajiri ya Jumapili, watu wakaacha ibada wakaenda kwenye majani na ndoo zao. Mwinjilisti akahubiria mabenchi matupu kwa ukali mkubwa. Jumatatu mama mmoja akampelekea sahani, wamekaangwa vizuri, wanang'aa. "Wamekamatwa lini hawa?" akauliza. Yule mama naye hakuwa mjinga. "Mwinjilisti waitu, mimi nimekaanga tu." Akawala wote, akarudisha sahani safi.

Lakini nisiwe mwongo. Mnyauko wa migomba ulipoingia kwetu, afisa kilimo alikuja akasema kila mgomba mgonjwa ung'olewe na shina lake, ufukiwe, na panga lichomwe motoni kabla halijagusa mgomba mwingine. Sisi tuliitikia ndiyo, ndiyo, tukakata ile ya barabarani inayoonekana, ya ndani tukaificha tukitumaini itapona. Nani anataka kung'oa migomba aliyoachiwa na baba yake? Mwinjilisti aling'oa. Aling'oa upande wote wa juu wa kibanja chake, kwa mikono yake, panga likaingia motoni na kutoka, siku baada ya siku, na nyumba yake ikala mihogo kwa muda mrefu. Vibanja vilivyo chini yake vilipona, na cha mama yangu kilikuwa mojawapo. Hapo alitii na utii wake ukatufaa sisi tusiotii. Inaniudhi kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Isipokuwa hata hilo alilifanya litukere, maana kila Jumapili iliyofuata tulihubiriwa habari za migomba yake, mpaka mtu ukatamani angeiacha tu isimame.

Mkewe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alicheka kwa urahisi, na alikuwa akipita kwetu kwa kisingizio cha kuomba moto wakati moto anao. Siku moja alikaa na mama yangu wakimenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, mimi nikiwa pembeni nakata majani, nikamsikia akisema, "Mwinjilisti anamwogopa Mungu kama mtu anavyomwogopa mbwa wa jirani. Kila siku lazima apite pale, na kila siku anashika jiwe." Mama alicheka hadi kisu kikamponyoka. Halafu yule mama akasema kwa sauti ya chini kwamba mumewe alipopatwa na malaria kali alikuwa akizisoma amri moja baada ya nyingine kitandani, akifika mwisho anamshika mkono na kumuuliza, "Ni ipi nimeiruka?" Anaambiwa hujaruka. Anaanza upya.

Mama yangu aliacha kucheka aliposikia hivyo. "Maskini," akasema. Mimi sikusema maskini, na sitasema.

Sasa mambo ya mama. Baba yangu mzazi alifariki mimi nikiwa sijui hata kutembea, na mama akarudi kwa wazazi wake, akapewa kipande cha kibanja. Miaka ikapita. Akaja mwanamume kutoka Burundi, mmoja wa wale waliokimbia vita, akawa anapalilia kahawa za watu. Alipalilia na yetu. Kwanza alilala kwenye banda, akawa anakula kwetu, halafu siku moja nikagundua kuwa banda limejaa kuku. Huyo ndiye ninayemwita Baba, sina mwingine. Mtu mpole, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Mama alitaka ndoa yao ibarikiwe kanisani, na Baba alitaka, basi wakajivika vizuri wakaenda kwa Mwinjilisti. Nami nilikuwapo.

"Huko ulikotoka ulikuwa na mke?" Mwinjilisti akauliza.

"Nilikuwa naye."

"Yuko wapi?"

"Tulipotezana tukikimbia."

"Amekufa?"

 Nakumbuka Baba alivyoitazama kofia yake aliyoishika. Neno moja tu lilitakiwa. Nani angekwenda hadi Burundi kuulizia?

"Sijui, Mwinjilisti," akasema.

"Kama hujui, basi una mke. Na huyu mama akikaa na wewe ni mzinzi." Mikono ikanyanyuka, viganja nje. "Si mimi. Ni sheria."

Njiani tulivuka kijito. Ndipo mama akamuuliza Baba, bila ugomvi, "Kwa nini hukumwambia amekufa?"

"Nitamuuaje mtu kwa mdomo?" Baba akasema.

Basi. Huyo ndiye mzinzi wetu, na mama akahamia benchi la nyuma. Wengine walikaa hapo msimu mmoja, miwili, wakatubu wakarudi. Mama alikaa mpaka akawa kama mwenyeji anayewapokea wageni. Aliwapisha wasichana waliokuja wakilia, akawapa kona ya kanga wajifute. Aliimba kuliko kwaya. Lakini watu walipoanza kupanga mstari kwenda mbele, alinyamaza, na mimi niliyekaa naye niliusikia ule unyamavu ubavuni mwangu. Siwezi kuueleza vizuri zaidi ya hapo.

Kila ilipotangazwa kuwa mchungaji anakuja na meza, alifua kitenge chake kizuri, akaenda kwa Mwinjilisti.

"Na mimi, Mwinjilisti?"

"Yule mwanamume ametoka?"

"Hajatoka."

"Basi bado."

Akarudi nyumbani, akakivaa hichohicho Jumapili, akaenda kukaa nyuma. Nilipokuwa mkubwa nikawa namgombeza. Nilimwambia Wakatoliki wako hapo ng'ambo, walokole wako hapo chini, makanisa hayajaisha Karagwe hii, kwa nini aombe kwa mtu kama yule? Akasema, "Meza si yake." Nikamwambia kama si yake, kwa nini anamuomba? "Kwa sababu ndiye aliyesimama mlangoni," akasema, kama vile nimemuuliza kwa nini mvua inalowesha.

Sisemi sheria za Mungu si kitu. Mama alizishika. Hakusema uongo, hakula jasho la mtu, aliwalisha wazazi wake mpaka alipowazika. Lakini alizishika kama mtu anavyofagia nyumba yake mwenyewe, kwa sababu anaishi humo. Mwinjilisti alizifagia kama kibarua anayeogopa kufukuzwa, na kila vumbi alilolikuta alilisukumia kwa mwenzake. Nikisikia watu wakisema walikuwa wanamtii Mungu mmoja, naona haya kwa niaba ya Mungu.

Mama aliugua tumbo. Likavimba, tukaenda hospitali, tukarudishwa na maneno mazuri tu. Alipoona tumerudishwa alielewa, akaniambia, "Nenda kwa Mwinjilisti." Nikaenda. Nilimpigia magoti yule mtu, mimi mwenye mdomo huu.

"Mwanamume atoke kwenye nyumba," akasema. "Akitoka, nitamwita mchungaji aje ampe meza kitandani."

Baba hakubishana. Alikunja blanketi lake, akaweka viatu vya mvua kwenye mfuko wa mbolea, akamwambia mama kwaheri kama mtu anayekwenda sokoni. Alikwenda kukaa na vibarua wenzake Warundi upande wa Kituntu. Mwinjilisti alipita kuhakikisha. Alichungulia hadi bandani kwa kuku.

Siku ya mchungaji kuja, asubuhi, mama alizidiwa. Alishindwa kukaa. Nilijaribu kumnyanyua peke yangu, akanitelezea. Nikimlisha, chakula kilirudi. Akawa anamtaja Baba, si kwa kulia, anamtaja tu, kama mtu anayeuliza saa. Ningefanyaje? Nikamtuma bodaboda amlete. Baba alikuja, akanawa mikono, akapanda kitandani nyuma yake, akamwegemeza kifuani, akawa anamnywesha uji kidogokidogo. Ukashuka. Na hapohapo tukasikia pikipiki.

Mchungaji alibaki uani akifungua mkoba wake. Mwinjilisti alitangulia ndani, kama kawaida yake, kuangalia kama nyumba iko sawa. Akasimama mlangoni mwa chumba.

"Mwinjilisti, hawezi kukaa bila kuegemezwa," nikamwambia. "Mtazame mwenyewe. Mtazame tu."

Alimtazama. Msije mkaniambia hakuona. Aliona mifupa ya mama, aliona kikombe, aliona ile mikono mikubwa ya Baba.  Kwa kitambo kidogo nilidhani kuna mtu ndani ya lile koti.

"Bado," akasema, akatoka.

Nikasikia mchungaji akimuuliza jambo, naye akijibu, "Hayuko tayari." Mchungaji alikuwa mzee aliyechoka, mwenye nyumba nyingine za kufika, na alimwamini. Pikipiki ikawaka, ikaondoka.

"Wamefika?" mama akauliza.

 Baba, ambaye hajui kudanganya, akasema, "Wameondoka."

Mama alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa. Halafu akayafumbua akasema, "Basi nipe uji wangu."

Baba akampa, funda moja moja, mpaka kikombe kikaisha. Alifariki wiki hiyohiyo. Kengele haikupigwa. Tulimzika kibanjani na majirani, wa makanisa yote, na Baba aliomba kwa Kirundi, hatukuelewa maneno lakini tuliitikia amina. Mwinjilisti hakuja. Aliyekuja ni mkewe, na mkungu wa ndizi kichwani, akakaa nasi msibani hadi mwisho. Alituambia mumewe anatuombea. Sikumjibu, kwa heshima yake yeye.

Sasa mkewe naye alishatangulia. Mwinjilisti alistaafu, akaja mwingine, akaja na mchungaji kijana anayevaa raba na kucheka ibadani. Benchi la nyuma sasa wanakaa wenye watoto wachanga. Mimi nikachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Watu hunishangaa kwamba nilibaki. Nilibaki kwa sababu mama hakuhama, na kwa sababu, nikisema ukweli, sikutaka kumwachia yule mtu nyumba nzima.

Halafu kiharusi kikampiga. Upande mmoja ukafa, mdomo ukaenda pembeni. Watoto wake wako mjini, wakatafuta mama mmoja mjane kutoka Kyerwa aje amtunze. Anampikia, anamwogesha, anambadilisha. Watu wakaanza kunong'ona, maana ni nyumba yenye mwanamume na mwanamke na haina ndoa, na ni yeye mwenyewe aliyetufundisha kunong'ona. Mwezi uliopita mchungaji alikuwa akizungukia wagonjwa na meza, nami ndiye niliyebeba mkoba. Tukafika kwake.

Mchungaji alibaki nje akimalizia simu. Mimi nilipitia jikoni kumsalimia yule mama. Jiko lenyewe lilikuwa limejaa kuni hadi juu, na mbuzi mwenye mtoto amefungwa humo. Chumbani nikaona kitanda, na sakafuni kando yake mkeka, shuka, na kanga iliyokunjwa kuwa mto. Yule mama aliona ninavyotazama. "Hawezi kujigeuza," akaniambia kwa aibu. "Nikilala mbali sitamsikia."

"Shikamoo, Mwinjilisti," nikasema.

Aliitikia kwa shida. Jicho lake zima lilinitambua, na lilijua mimi ni binti wa nani. Mchungaji akaingia, akatandika kitambaa cheupe juu ya kigoda, akaweka mkate, akamimina divai. Kabla mchungaji hajasema hata neno moja, Mwinjilisti akaanza.

"Mchungaji. Huyu mama ni mhudumu tu." Mate yalimtoka, akayavuta. "Analala jikoni."

Yule mama akainamisha kichwa.

"Sijauliza, Mzee wangu," mchungaji akasema kwa upole.

"Analala jikoni!" Akanigeukia mimi, mkono wake mzima ukishika shuka. "Mzee wa kanisa, shuhudia. Mwambie."

Niliitazama ile hofu. Maisha yote ya kutii, na hiyo ndiyo faida aliyoipata. Neno moja kutoka kwangu, au hata kunyamaza tu, na kijana huyu mwenye raba angelazimika kuuliza maswali. Nimelibeba neno hilo miaka mingi, nimelinoa, nimelilalia.

"Mwinjilisti, nimepita jikoni," nikasema. "Kuna kuni na mbuzi. Huyu mama analala hapa chini, kwa sababu usiku huwezi kujigeuza. Na amefanya vizuri."

 Uso wa Mwinjilisti ulivunjika upande ule mmoja unaoweza kuvunjika, machozi yakashuka yakachanganyika na mate. Uongo wake ulikuwa umelala pale katikati yetu, mkeka ukiwa chini, na mchungaji amesimama na mkate mkononi akinitazama mimi, maana hakujua afanye nini.

"Sistahili," Mwinjilisti akasema. Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo kwa habari zake mwenyewe.

Msidhani nilikuwa nimemsamehe. Sikuwa na huruma hata ya kujaza kijiko. Nilitaka tu apokee kwa namna ambayo hakumruhusu mtu yeyote kupokea, akiwa vilevile alivyo, macho yangu yakimwona na macho ya yule mama yakimwona. Nikaingiza mkono chini ya shingo yake, nikamwegemeza kifuani kwangu, maana hawezi kukaa mwenyewe.

"Tunajua," nikamwambia. "Fungua mdomo."